Kompyuta ya jimbo imekataa: majibu ya maswali yenu

Maswali ya safari hii yametoka kwa wasomaji walioko Marekani, na karibu yote yanazunguka jambo moja. Ofisi za majimbo zinazidi kutumia akili mnemba na mifumo ya kuamua kiotomatiki, na mtu akikataliwa huduma anaambiwa tu kuwa "ni sistimu".

Medicaid (bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo) na fudi stempu (SNAP) za mama mkwe zimekatwa. Ofisini wanasema uamuzi umetolewa na kompyuta, wao hawawezi kuugusa. Ni kweli? (Columbus, Ohio)

Si kweli. Kompyuta inakokotoa, lakini mwenye uamuzi mbele ya sheria ni idara ya jimbo, na uamuzi wa idara hukatiwa rufaa. Tafuta barua. Kwa Medicaid, kanuni za serikali kuu zinataka, isipokuwa katika hali chache, barua itumwe angalau siku 10 kabla ya huduma kukatwa au kupunguzwa, ikitaja sababu na kanuni iliyotumika. Ukiomba kusikilizwa kabla ya tarehe ya kukatwa, huduma huendelea mpaka shauri liamuliwe. Tarehe hiyo ikipita, rufaa bado ipo: SNAP ni siku 90, na kwa Medicaid kila jimbo lina kikomo chake, kisichozidi hizo 90. Ila hapo mtasubiri mikono mitupu. Kama kipindi cha SNAP kilikwisha na hamkujaza fomu ya kuendelea, rufaa haiwezi kukirefusha. Na mkiendelea kupokea kisha mkashindwa, jimbo linaweza kudai lirudishiwe.

Baada ya kuomba rufaa, omba faili. Mna haki ya kuliona kabla ya siku ya kusikilizwa. Msiombe "maelezo" kwa jumla, maana mtapewa barua ileile. Ombeni vitu vitatu kwa maandishi: majibu yote yaliyoingizwa kwa jina la mama mkwe, alama zilizotoka, na kanuni iliyogeuza alama hizo kuwa saa za kuhudumiwa au dola.

Kilichotokea Arkansas kinaonyesha kwa nini. Mwaka 2016 jimbo lile lilianza kutumia mfumo wa kupanga saa za kuhudumiwa nyumbani kwa wazee na walemavu. Muuguzi aliuliza maswali zaidi ya 280, lakini mfumo ulitumia sehemu ndogo tu ya majibu. Wapo waliokuwa wakipata saa 56 kwa wiki wakashushwa hadi 32, hali yao ya kiafya ikiwa haijabadilika hata kidogo. Mawakili wa msaada wa kisheria walipodai kuona mfumo ulivyofanya kazi, ilibainika kuwa ugonjwa wa kupooza ubongo haukuwa umeingizwa sawasawa, na mamia ya watu walikuwa wamekokotolewa vibaya. Mwaka 2018 mahakama iliusimamisha, kwa sababu jimbo halikufuata utaratibu wa kuwatangazia wananchi kanuni hiyo. Bila kuliomba faili, kosa lile lisingeonekana.

Nimeandikiwa barua kwamba nilidanganya ili nilipwe fedha za kukosa kazi. Sijadanganya. Nianzie wapi? (Grand Rapids, Michigan)

Anza na tarehe iliyo juu ya barua, kwa maana siku za rufaa zinahesabiwa tangu barua ilipotumwa, si ulipoifungua. Michigan na California ni siku 30, Ohio 21, Texas 14 tu. Kata rufaa kwanza, vielelezo vifuate.

Jimbo lenu lenyewe ndilo mfano unaotajwa kila mahali. Mfumo wa kompyuta wa malipo ya kukosa kazi, MiDAS, ulianza kazi Oktoba 2013, na kwa karibu miaka miwili ulitoa hukumu za udanganyifu bila mtumishi yeyote kuzipitia. Kosa lake kubwa lilikuwa la kugawanya. Mwajiri huripoti mishahara ya robo mwaka kwa mkupuo, na mfumo uliigawa sawasawa kwa wiki 13. Tuseme mtu alifanya kazi wiki nne za Januari, akalipwa dola 3,900, akaachishwa, akaanza kudai malipo Februari. Mfumo ulimwona ana dola 300 kila wiki hadi mwisho wa Machi, tena anadai eti hana kazi! Kisha dodoso lilipelekwa kwenye akaunti ya mtandaoni ambayo wengi walikuwa wameacha kuifungua. Asiyejibu ndani ya siku 10 alihesabiwa mdanganyifu, na faini ilikuwa mara nne ya alichopokea, riba juu. Marejesho ya kodi yalizuiwa, mishahara ikakatwa. Jimbo lilipozipitia upya hukumu 22,427 zilizotolewa na mashine pekee, asilimia 93 zilikuwa makosa. Mwaka 2022 lilikubali kulipa dola milioni 20 ili kumaliza kesi.

Kwa hiyo kusanya hati za mshahara zinazoonyesha wiki kwa wiki, si jumla ya mwaka. Kama hati hazipo, mwombe mwajiri barua yenye tarehe ya kuanza, ya kuacha, na saa za kila wiki. Fungua akaunti yako ya jimbo kila wiki, na kila dodoso ulijibu. Endelea kujaza madai ya kila wiki rufaa ikiendelea, la sivyo hata ukishinda hutalipwa wiki ulizoruka. Na usitie saini makubaliano ya kurejesha pesa kabla mtu anayejua sheria hajayasoma.

Leseni ya udereva imekwama wiki tatu. Wanasema taarifa zangu za uhamiaji "hazijathibitishwa". Hii ni akili mnemba? (Louisville, Kentucky)

Hapana. Huo ni ulinganishaji wa kawaida wa kumbukumbu, na mambo mengi yanayolaumiwa akili mnemba ni hayo. Jimbo hutuma jina lako, tarehe ya kuzaliwa na namba ya hati yako kwenye mfumo wa serikali kuu uitwao SAVE. Vikilingana, jibu hurudi kwa sekunde chache. Visipolingana, faili huenda kwa mtumishi wa uhamiaji, na hapo ndipo wiki zinapotea.

Kwa watu wetu chanzo huwa ni jina. Majina matatu yameandikwa kwa mpangilio tofauti kwenye I-94 (rekodi ya kuingia nchini) na kwenye kadi ya kazi, au jina la kwanza limekuwa FNU, yaani halijulikani. Wengi waliotoka kambini wana tarehe 1 Januari kama siku ya kuzaliwa, hivyo ndugu wenye majina yanayokaribiana huchanganywa kirahisi. Weka hati zote mezani na ulinganishe herufi kwa herufi. Omba karani akupe namba ya shauri la SAVE. Ukiwa nayo unaweza kufuatilia mwenyewe kwenye ukurasa wa SAVE CaseCheck na kujua kama faili liko kwa uhamiaji au limesharudi jimboni na karani hajalitazama. Hilo la pili hutokea.

Simu inakataa sura yangu ninapojithibitisha. Ni kwa sababu mimi ni mweusi?

Huenda, lakini tenganisha mambo mawili. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilipima programu nyingi za utambuzi wa sura mwaka 2019 na kukuta kwamba kosa la kumdhania mtu kuwa ni mwingine lilikuwa juu zaidi kwa sura za watu wa Afrika Mashariki, Afrika Magharibi na Asia Mashariki. Kosa hilo humwumiza mtu pale jimbo linaposaka wenye leseni zaidi ya moja: Massachusetts, mwaka 2011, dereva mmoja alifutiwa leseni kwa sababu mashine ilimfananisha na mwenzake. Kukataliwa kwako ni kosa la upande wa pili, la kushindwa kukutambua, na hilo mara nyingi hutokana na picha: mwanga hafifu, kamera chafu, au picha ya kitambulisho iliyopigwa miaka mingi iliyopita.

Kaa uso ukielekea dirishani mchana, usiligeuzie dirisha kisogo. Vua kofia na miwani. Kitambulisho kiweke juu ya kitambaa cheusi, zima flashi ili plastiki isimeremete. Ukishindwa mara mbili, acha. Majaribio mengi hufunga akaunti. Omba njia ya mtu kwa mtu: simu ya video na wakala au, katika baadhi ya majimbo, kwenda posta na kitambulisho chako.

Roboti ya mazungumzo kwenye tovuti ya jimbo ilinijibu vibaya. Naweza kudai jimbo lifuate jibu lake?

Usiitegemee. Jibu lake si uamuzi. Roboti ya jiji la New York iliyozinduliwa 2023 ilinaswa ikiwaambia waajiri kwamba wanaweza kuchukua bakshishi za wafanyakazi, jambo ambalo ni kinyume cha sheria. California sasa ina sheria, SB 896 ya 2024, inayozitaka idara za jimbo ziseme wazi pale akili mnemba inapozungumza na mwananchi kuhusu huduma, na zionyeshe jinsi ya kumpata mtumishi. Piga picha ya mazungumzo, kisha uliza swali lilelile kwa mtu.

Nafanya kazi ofisi ya jimbo. Naruhusiwa kuweka faili la mteja kwenye ChatGPT niandikiwe muhtasari? (Harrisburg, Pennsylvania)

Kwenye ile ya bure, kamwe. Pennsylvania ilianza jaribio Januari 2024 kwa mkataba maalumu, na watumishi 175 walioshiriki walikadiria kuokoa wastani wa dakika 95 kwa siku walizoitumia. Faida ipo, ila ni ndani ya chombo kilichoidhinishwa na idara yako. Kufuta jina hakutoshi: katika mji wenye familia chache za Kikongo, tarehe ya kuzaliwa, kijiji na idadi ya watoto vinamtaja mtu. Wala usiiulize viwango vya kipato vya SNAP. Hubadilika kila Oktoba 1, nayo itakupa vya mwaka juzi kwa kujiamini.

Barua ya hospitali na Medicaid imekuja kwa Kiswahili cha ajabu. Nani anaikagua?

Inapaswa kukaguliwa. Kanuni ya 2024 chini ya sheria ya afya ya 2010 inataka tafsiri ya mashine ipitiwe na mfasiri mwenye sifa pale maandishi yanapogusa haki, mafao au huduma. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 nayo bado inawabana wanaopokea fedha za serikali kuu, ingawa agizo la rais la mwaka 2000 kuhusu lugha lilifutwa 2025.

Barua kama hiyo isome sambamba na ya Kiingereza, hasa tarehe, kiasi cha pesa na saa. "Saa 8:00 asubuhi" ya mashine ni saa mbili yetu, na 03/04 ni Machi 4, si Aprili 3. Ukipiga simu, omba mkalimani kabla ya kueleza shida yako, na useme ni Kiswahili cha wapi. Mtu wa Kivu akipewa mkalimani wa Mombasa na wakakwama, aombe mwingine papo hapo, kabla chochote hakijaandikwa kwenye faili.