Maswali kwa Rubani: Usiuze shamba kabla hujapima macho

Barua za mwezi huu ni nyingi, nafasi ni ile ile. Nimechukua tatu. Ya kwanza naijibu kwa kirefu kwa sababu aliyeiandika ana haraka, na haraka hiyo inaweza kumgharimu baba yake ekari sita.

*Shikamoo Kapteni. Nimemaliza kidato cha sita mwaka huu, mchepuo wa Fizikia, Jiografia na Hisabati. Tangu darasa la tano nataka kuwa rubani. Baba yuko tayari kuuza shamba la mpunga, ekari sita, ili nikasome nje. Mnunuzi ameshapatikana na anataka jibu kabla ya msimu. Baba mkubwa anapinga. Anasema ndege inataka nguvu za kiume, na kwamba mimi ninayevaa miwani tangu kidato cha pili najidanganya. Tufanyeje? — Binti wa Kahama*

Marahaba mwanangu. Mwambieni mnunuzi asubiri. Akishindwa kusubiri, wanunuzi wa mashamba ya mpunga hawajaisha Kahama.

Kabla ya chuo, kabla ya pasipoti, kapime afya ya daraja la kwanza. Hicho ndicho cheti anachotakiwa kuwa nacho kila rubani anayelipwa kubeba watu, na hupimwi na daktari yeyote tu, ni wale walioidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Watakupima moyo, masikio, damu na mkojo, kisha watakaa sana kwenye macho. Nilisoma na kijana mmoja aliyelipa ada kwanza akapima baadaye. Daktari alimfungulia kitabu chenye kurasa za vidoti vya rangi, katikati ya vidoti kuna namba. Sisi wengine tuliiona 74. Yeye akasema 21, tena kwa kujiamini kabisa. Hatofautishi nyekundu na kijani, na alikuwa hajui, miaka yote ile. Ada hakurudishiwa. Upofu huo wa rangi huwapata wanaume kuliko sisi wanawake, kwa hiyo baba mkubwa akianza habari ya maumbile, mpe na hiyo.

Miwani si kosa. Kinachotakiwa ni kwamba ukiivaa uone 6/9 au zaidi kwa kila jicho (herufi ambayo jicho zima huisoma kwa mita tisa, wewe uisome kwa mita sita), na 6/6 kwa macho yote mawili pamoja, na uwe na miwani ya akiba karibu nawe kila unaporuka. Ya kwangu inakaa mfuko wa pembeni wa begi, ndani ya soksi ya mtoto. Nilianza kuivaa nikiwa na miaka thelathini na moja na sijashushwa kwenye ndege kwa ajili yake hata siku moja.

Sasa habari ya nguvu. Ninayorusha mimi ni Cessna Caravan, injini moja, ikijaa inafika karibu tani nne. Pembeni ya goti langu la kulia kuna gurudumu dogo jeusi, tunaliita trimu. Pua ikiwa nzito unalizungusha taratibu kwa vidole mpaka usukani ulegee mkononi. Anayepambana na usukani kwa mabavu ni yule aliyesahau trimu. Nimeruka na vijana wenye mikono kama mipini ya majembe wakashuka wamelowa jasho, kisa gurudumu lile.

Shida yangu mimi ilikuwa urefu. Nina sentimita 158. Siku ya kwanza kukaa kwenye Cessna 172 ya chuo niliona dashibodi na anga, njia ya kurukia sikuiona. Mwalimu akasogeza kiti mbele mpaka mwisho, miguu ikafika kwenye pedali, lakini macho bado. Wikiendi ile nilinunua kipande cha godoro sokoni, fundi akakishonea foronya ya kitenge yenye mkanda wa kufungia kwenye kiti ili kisiteleze. Wenzangu walicheka wiki mbili. Mto ule ninao mpaka leo, na mmoja wa waliocheka aliuazima ili dada yake aukalie kwenye mtihani wa kuruka.

Lakini wewe hukuniuliza jambo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni miaka ya katikati. Leseni ya rubani wa biashara, ile ya kurusha ndege kwa malipo, inataka saa 200 za kuruka, au 150 ukisoma mfululizo kwenye kozi iliyoidhinishwa. Watu wanaiona hiyo ndiyo mlima. Ukishaipata unarudi nyumbani, na kama umesomea nje unaibadilisha iwe ya hapa, mtihani wa sheria za anga ukikusubiri. Kisha unapeleka maombi, na kila mwenye ndege anakuuliza saa ambazo huna. Leseni ya juu kabisa, ile ya kuwa kapteni wa ndege kubwa, inataka saa 1,500. Kati ya 200 na 1,500 ndipo nilipoona wenzangu wengi wakipotelea. Wengine leo wana maduka ya vipuri na wengine wanauza bima. Si kwamba hawakujua kurusha ndege. Cheti cha afya kiliisha, ruhusa ya kuruka kwa kufuata vyombo bila kuona nje ikaisha, pesa ya kuvihuisha haikuwapo.

Mimi nilikaa miezi kumi na moja. Kampuni moja, sitaitaja, iliniambia saa zangu zinatosha ila kambini kwao kuna chumba kimoja cha marubani na choo kimoja, kwa hiyo haitawezekana. Nikawaambia nyumbani kwetu Tabora tulikuwa watu tisa na choo kimoja. Hawakucheka. Nikaenda kwingine, nikaomba kazi yoyote. Wakanipa mizani. Kwenye ndege ndogo abiria anapimwa pamoja na begi lake, na wa kwenda mbugani wana kilo 15 za mzigo, begi laini lisilo na magurudumu. Nilipima mabegi, nikapima watu, nikabishana na watalii juu ya mabuti yao ya ziada, kisha nikapiga hesabu ya nani akae wapi ili ndege isielemee mkiani.

Saa kumi na mbili asubuhi, kabla abiria hawajafika, nilikwenda kusimama na marubani kwenye ndege. Pale kiwanja cha Arusha, Kisongo, asubuhi kuna baridi ya kuuma vidole. Rubani anainama chini ya bawa na kikombe cha plastiki, anachuruzisha mafuta kidogo, anakiinua kwenye mwanga. Mafuta ya ndege kama Caravan hayana rangi ya kutaja, yanataka kufanana na maji safi. Maji yakiwamo yanakaa chini ya kikombe kama ushanga, yanatetemeka. Wiki ya pili kapteni mmoja mzee alinipa kikombe akasema, "Leo niangalizie wewe." Nilikuta ushanga. Tukachuruzisha tena na tena mpaka ukaisha. Kuanzia siku ile aliniita kila asubuhi, na baada ya miezi mitano yeye ndiye aliyekwenda kwa meneja kuniombea kiti cha upande wa kulia, cha rubani msaidizi.

Hiyo njia ya dirisha la nyuma si mpya. Misri kulikuwa na binti, Lotfia El Nadi, baba yake hataki kusikia habari za ndege. Akaomba kazi kwenye chuo cha urubani, akawa katibu na mpokea simu, mshahara ukalipia masomo. Mwaka 1933 akapata leseni, mwanamke wa kwanza nchini mwake. Jirani zetu Kenya, Irene Koki Mutungi aliingia Kenya Airways mwaka 1995, na kwa miaka kadhaa akawa mwanamke peke yake kwenye chumba cha marubani cha shirika zima. Mwaka 2014 akawa kapteni wa Boeing 787, Mwafrika mwanamke wa kwanza. Yeye baba yake alikuwa rubani. Nalisema hilo si kumpunguzia, ila ujue kwamba aliyekulia kwenye nyumba yenye sare ya rubani kambani anajua mapema mlango gani ubishwe. Wewe na mimi inabidi tuulize. Uliza sana.

Sasa shamba. Fanyeni hivi: uza mahindi, uza mbuzi, upate nauli na ada ya daktari tu. Ukifaulu, lipia somo moja la majaribio kwenye ndege ndogo, nusu saa au saa nzima, uone tumbo lako linasemaje. Ukishuka bado unataka, baba auze ekari mbili, usome leseni ya kwanza, ile ya rubani binafsi. Chuo kikikutaka ulipe kozi nzima siku moja kwa punguzo, kataa. Vyuo vya urubani vinafungwa, ndege zinakaa gereji miezi, na pesa iliyokwisha kuliwa hairudi. Lipa kwa hatua. Na ekari moja ya mwisho isiguswe kabisa. Hiyo ndiyo itakayohuisha cheti chako cha afya kila mwaka wakati unapima mabegi ya watu.

Baba mkubwa mpe salamu zangu. Kwenye suala la shamba ameona mbali kuliko baba yako, ingawa sababu alizozitoa zote si zenyewe.

*Kapteni, mchumba wangu yuko mwaka wa pili chuo cha urubani Nairobi. Ndugu zangu wanasema mwanamke wa ndege hazai, na akizaa halei, na usiku analala safarini na wanaume. Nampenda, lakini maneno yamekuwa mengi. — M., Morogoro*

Kaka, nina watoto wawili, na wote wanapenda kubishana kama ndugu zako.

Ukipata mimba unatoa taarifa, na kuruka kunasimama mpaka daktari wa anga aseme. Mimba ikiwa haina matatizo, kanuni za kimataifa zinaruhusu kuruka kuanzia mwisho wa wiki ya 12 hadi mwisho wa wiki ya 26. Mimi niliacha wiki ya 24 kwa mtoto wa kwanza kwa sababu mkanda wa kiti na tumbo vilikuwa havielewani tena. Nikarudi kwenye mizani yangu. Likizo ya uzazi kwa sheria yetu ni siku 84, na ukirudi hupewi abiria papo hapo: kama ndani ya siku 90 hujaruka na kutua mara tatu, unaanza na mkaguzi pembeni. Nilitua vibaya sana siku ile, niligonga kama gunia la viazi. Nikarudia.

Kulea ni kweli kuna kazi. Nilikamua maziwa nyuma ya kibanda cha askari wa mbugani, pale Seronera, nikayaweka kwenye kijokofu cha soda za abiria, nimeandika jina kwa kalamu nene. Mtalii mmoja alikaribia kuyafungua. Nyumbani alikuwapo mama mkwe, mama wa mume wangu hasa, yule ambaye ungedhani ndiye angekuwa wa kwanza kunung'unika. Hakunung'unika hata siku moja. Alinilaumu kwa chumvi kwenye mboga, basi.

Na kulala safarini: napewa hema langu, ninafunga zipu, saa tatu nimeshasinzia kwa sababu saa kumi na moja naamka. Mchumba wako akiwa na nia mbaya angechagua kazi yenye usingizi mrefu zaidi. Ndugu zako waulize kama dereva wa lori la Tunduma naye haoi.

*Shikamoo. Nilipanda ndege ndogo kutoka Dar kuja Mafia, saa nane mchana. Kabla ya kuruka tukatangaziwa mikanda na sauti ya mwanamke, nikageuka, kumbe ndiye rubani. Sikusema kitu ila nilisoma Ayatul Kursiy mara saba. Tulirushwarushwa njia nzima. Je, angekuwa mwanamume tungetulia? — Mzee wa Kilindoni*

Shikamoo mzee wangu, wewe ndiye wa kuamkiwa. Ungekuwa na rubani wa jinsia yoyote mngerushwa vilevile. Saa nane ardhi imeshapata moto, hewa inapanda kwa mafungu, na pale karibu na delta ya Rufiji kuna nchi kavu, kuna maji, kuna mikoko, kila kimoja kinapata joto kivyake. Ndege inapita juu ya mafungu hayo kama baiskeli kwenye barabara ya matuta. Rubani anachoweza ni kupunguza mwendo kidogo, kukwepa mawingu yaliyosimama kama minara, na kuwaambia mfunge mikanda, na huyo binti yote hayo inaelekea aliyafanya, kwa kuwa umefika na umeniandikia.

Safari ijayo kata tiketi ya asubuhi, hewa ikiwa bado imelala, na kaa karibu na bawa, usikae mkiani. Na pweza mnaowapelekea wajukuu Dar, mzee, tieni kwenye ndoo yenye kifuniko. Wa juzi walivuja mpaka kwenye begi la mzungu, na mwenye kulisugua nilikuwa mimi.