VA wamenikatalia fidia ya mishipa ya miguu na nimebakiwa na miezi 2: nifanye nini?

SWALI: Wakili, habari za kazi. Nilitumikia Jeshi la Nchi Kavu la Marekani kuanzia 2011 hadi 2019, nikiwa mpishi. Kituo changu kilikuwa Fort Bliss, Texas, na katikati nikapelekwa Afghanistan. Mwaka 2014 miguu ilianza kuuma na mishipa kujitokeza. Nilikwenda zahanati ya kambi mara moja tu, nikapewa dawa ya maumivu nikarudi kazini. Mwanangu nilimzaa 2015, bado nikiwa jeshini. Mwaka 2023 daktari wa mishipa alinipima kwa ultrasaundi akasema vali za vena (mishipa inayorudisha damu kwenye moyo) hazifungi vizuri, miguu yote miwili. Wa kushoto umevimba wakati wote na ngozi ya juu ya kifundo imegeuka kahawia. Wa kulia nao huvimba; nikiuinua hupungua lakini hauishi. Nilipeleka dai VA, idara ya maveterani ya Marekani, wakakataa. Mpimaji wao aliandika kwamba ugonjwa umetokana na "umri, jinsia na uzazi", na kwamba rekodi za jeshi zina lalamiko moja tu. Daktari wangu alinipa barua ya mstari mmoja: "Ugonjwa huu unaweza kuwa ulitokana na kazi ya jeshi." Wenzangu wananiambia sheria ya PACT inanibeba kwa kuwa nilikuwa Afghanistan. Barua ya kukataliwa sasa ina miezi 10. Nianze upya? Na nikirudi Kenya, haki hii inapotea?

JIBU: Dada, usianze upya. Una mwaka 1 kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye barua ya kukataliwa, na ukiwahi ndani ya mwaka huo unabaki na tarehe ya dai lako la kwanza. Ukishinda, malipo yanahesabiwa kuanzia tarehe hiyo. Ukichelewa hata wiki moja bado unaweza kudai, lakini kwa kawaida hesabu itaanza siku ulipodai tena, na miezi yote ya nyuma imekwenda. Kwa hiyo jambo la leo, kabla ya daktari na kabla ya mashahidi, ni kuitoa ile barua, kusoma tarehe, na kuiandika mahali utakapoiona kila siku.

Sasa dai lenyewe. VA hutafuta vitu 3: ugonjwa ulionao sasa, tukio au dalili iliyotokea ukiwa jeshini, na kiungo kati ya hivyo viwili. La kwanza unalo, ultrasaundi ya 2023 imelimaliza. La pili unalo pia, ziara ya zahanati 2014. Umeangushwa kwenye kiungo, na nikisoma maneno ya mpimaji naona kosa ambalo limenikera, kwa sababu ni la kutosoma jalada.

Amesema ni uzazi. Uzazi gani? Ulijifungua 2015 ukiwa umevaa sare! Sheria haiulizi kama jiko la jeshi ndilo lililokuharibu mishipa. Inauliza kama ugonjwa ulianza, au ulizidi, wakati wa utumishi. Mtu aliyepata ugonjwa jeshini kwa sababu isiyohusiana kabisa na kazi yake bado ameupata jeshini. Ni kweli kwamba kanuni haihesabu mimba na kujifungua vyenyewe kuwa ulemavu, ila madhara ya kudumu yaliyoachwa na matatizo ya mimba yanaweza kuhesabiwa. Na hata hapo, dalili zako zilianza 2014, kabla ya mtoto. Mpimaji ametaja sababu iliyokuja baada ya ugonjwa kuonekana, halafu akaihesabu kama kitu cha nje ya jeshi.

Tafuta pia ripoti ya uchunguzi wa afya uliofanyiwa ulipojiunga 2011. Kama sehemu ya miguu na mishipa imeandikwa kawaida, sheria inakuchukulia kwamba uliingia jeshini ukiwa mzima. VA wakitaka kusema ulikuja na ugonjwa wako kutoka nyumbani, ni juu yao kuthibitisha, na kwa ushahidi usio na shaka. Ripoti hiyo, rekodi za zahanati na ripoti kamili ya mpimaji zote zimo kwenye jalada lako. Ziombe kwa fomu 20-10206. Majibu yanaweza kuchelewa, kwa hiyo iombe wiki hii na usiache kazi nyingine zisimame ukiisubiri.

Kuhusu PACT, wenzako wamekosea, na si vizuri ujenge dai juu ya matumaini hayo. Sheria hiyo, iliyotiwa saini Agosti 10, 2022, ina orodha ya magonjwa yanayodhaniwa kutokana na moshi wa mashimo ya kuchomea taka Afghanistan na Irak. Humo utakuta saratani za aina nyingi na magonjwa ya mapafu na njia ya hewa. Ugonjwa wa vena haumo. Shinikizo la damu ndilo liliongezwa na PACT, lakini kwa walioguswa na dawa ya kuulia mimea ya vita vya Vietnam, ile Agent Orange. Kuna orodha nyingine ya magonjwa sugu yanayokubaliwa yakijitokeza kwa kiwango cha ulemavu cha angalau asilimia 10 ndani ya mwaka 1 baada ya kutoka jeshini. Ugonjwa wa Raynaud, ugonjwa wa Buerger, shinikizo la damu na ugumu wa ateri vimo; vena zako hazimo hata hapo. Maana yake ni kwamba wewe unapita mlango wa kawaida, ambao unahitaji daktari aeleze kiungo. Wengi wamepita mlango huo.

Ndipo tunafika kwenye barua ya daktari wako, na hapa ndipo pa kuweka nguvu zako. "Unaweza kuwa ulitokana" haina uzito, kwa sababu chochote kinaweza kuwa. Kipimo cha VA ni uwezekano wa angalau asilimia 50, na pande mbili zikilingana sheria inampa askari ushindi. Daktari aandike kwa maneno hayo hayo: kwamba kuna uwezekano wa asilimia 50 au zaidi kwamba ugonjwa ulianza wakati wa utumishi. Halafu aseme kwa nini. Mahakama ya maveterani ilishasema mwaka 2008, katika kesi ya Nieves-Rodriguez, kwamba maoni ya daktari hupata uzito kutokana na hoja zake. Hitimisho tupu halibebi kitu, hata likitoka kwa bingwa.

Kwako hoja zipo tele. Vena za mguu hupandisha damu kwenda juu, na vali ndogo ndani yake huizuia isirudi chini. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu. Anayetembea, pampu inafanya kazi. Anayesimama mahali pamoja mbele ya jiko kwa saa nyingi, damu inalala miguuni, shinikizo linapanda, vena zinatanuka na vali zinashindwa kukutana. Ikija mimba juu ya hapo, damu mwilini inaongezeka na mji wa mimba unabana vena za nyonga. Vali ikishaharibika haijitengenezi. Daktari wako anaijua hii kuliko mimi. Anachohitaji ni kuiandika, akitaja kwamba amesoma rekodi ya 2014, amesoma ultrasaundi ya 2023, na amesoma maoni ya mpimaji na anatofautiana nayo kwa sababu hizi na hizi. Kurasa 2 zinatosha. Mpelekee rekodi mkononi, usimwambie tu, na mwombe ajibu lile neno "uzazi" waziwazi.

Lalamiko moja tu kwenye rekodi lisikutishe. Wapishi hawaendi kliniki kila mguu ukiuma, na sheria inalielewa hilo kuliko mpimaji wako. Mwaka 2007, katika kesi ya Barr dhidi ya Nicholson, mahakama hiyo hiyo ilikuwa na askari aliyedai fidia ya vena zilizovimba. Ikasema hiki ni kitu ambacho mtu asiye daktari anaweza kukiona kwa macho yake na kukitolea ushahidi. Kesi hiyo ni kama imeandikiwa wewe. Andika maelezo yako kwenye fomu 21-10210, na aliyepika nawe zamu moja ajaze yake, na mume wako kama alikuona.

Lakini andikeni vitu vinavyoonekana. "Niliumwa sana" haimsaidii anayeamua. Mteja wangu mmoja aliandika kwamba alikuwa anavua buti saa 2 usiku, anakuta soksi imeacha mtaro kuzunguka mguu, anabonyeza kidole gumba juu ya muundi na kishimo kinabaki mpaka amalize kufungua buti la pili. Mistari 3 tu, na nilipoisoma nilijua afisa ataiona miguu ile. Taja zamu ilianza saa ngapi, sakafu ilikuwa ya nini, mshipa upi ulijitokeza kwanza na upande gani, na kwa nini hukurudi zahanati. Usiongeze chumvi. Neno moja lisilolingana na rekodi litawafanya watilie shaka mengine yote.

Vyote hivi vikiwa tayari, peleka dai la nyongeza kwa fomu 20-0995. Hiyo ndiyo njia yenye nafasi ya ushahidi mpya, na wewe unao. Njia ya mapitio ya afisa wa ngazi ya juu, fomu 20-0996, hairuhusu ushahidi mpya. Ingefaa kama jalada lingekuwa limekamilika na kosa ni la kusoma tu. Ya tatu ni Bodi ya Rufaa, fomu 10182, na foleni yake ni ndefu. Siku zikikubana na barua ya daktari haijafika, wasilisha dai la nyongeza na maelezo yako na ya mashahidi, na ueleze kwamba barua inakuja. Kuwahi tarehe ni muhimu kuliko ukamilifu.

Huenda wakakupima tena. Usikose siku hiyo. Na uangalie saa: miguu ya vena huwa na nafuu asubuhi baada ya kulala. Mpimaji akikuona saa 2 asubuhi ataandika "uvimbe kidogo", na neno hilo litakufuata kwenye asilimia ya ulemavu utakayopewa. Omba nafasi ya alasiri. Wakikataa, nenda na picha za jioni zenye tarehe, za wiki kadhaa, na vipimo vya futi ya fundi cherehani kuzunguka kifundo, asubuhi na jioni. Soksi zako za kubana zivae kama daktari alivyokuagiza, uzivue mbele yake. Akiuliza hali yako, mweleze siku mbaya zikoje na zinakuja mara ngapi.

Nasema hivi kwa sababu tofauti ya neno ni kubwa. Uvimbe unaokuja na kwenda na kutulia ukiinua mguu ni asilimia 10. Uvimbe wa kudumu usioisha wote ukiinua mguu ni 20. Uvimbe wa kudumu pamoja na ngozi kubadilika rangi ni 40, na ikiongezeka vidonda vya kudumu ni 60. Kila mguu unahesabiwa peke yake. Kwa ulivyonieleza, wa kushoto unaelekea 40 na wa kulia 20. VA hawajumlishi kawaida: wanachukua 40, kisha asilimia 20 ya zile 60 zilizobaki, yaani 12, inakuwa 52. Kwa kuwa ni miguu yote miwili, wanaongeza sehemu ya kumi ya hiyo, 5.2, inafika 57.2, na inakadiriwa kuwa 60. Wakisahau nyongeza hiyo, 52 inashuka kuwa 50. Kwa viwango vya 2025, asiye na tegemezi alilipwa dola 1,102.04 kwa mwezi kwa asilimia 50 na dola 1,395.93 kwa asilimia 60. Wewe mwenye mtoto unaongezewa juu yake. Ikija barua ya ushindi, irudie hesabu hii kwa kalamu.

Msaada wa mashirika ya maveterani yaliyoidhinishwa ni bure. Wakili au wakala aliyeidhinishwa na VA haruhusiwi kutoza kwa dai la kwanza. Baada ya uamuzi anaweza, na sehemu ya kawaida ni asilimia 20 ya malimbikizo, yaani malipo ya miezi ya nyuma. Anayekutaka umpe nyongeza yako ya miezi kadhaa ijayo, au asiyeonekana kwenye orodha ya VA ya walioidhinishwa, usimpe hata nambari yako ya utumishi.

Kuhusu Kenya: fidia ya ulemavu wa utumishi haifutwi kwa kuhama. Utalipwa ukiwa Nakuru kama ulivyolipwa ukiwa Texas, na VA wana mpango wa kulipia matibabu nje ya nchi kwa ugonjwa waliokwisha kuukubali. Wajulishe anwani mpya kabla ya kusafiri, maana barua ya kuitwa kupimwa ikienda nyumba uliyohama, watahesabu kwamba hukutokea.