Bazarov na Verkhovensky si watu wa aina moja

Ndugu, umeuliza kama Bazarov wa Turgenev na Pyotr Verkhovensky wa Dostoevsky, wahusika wa waandishi wawili wa Urusi, ni wanihilisti (watu wanaokataa mamlaka na mila zote) wa aina moja. Hapana kabisa. Bazarov, katika riwaya ya 1862, Baba na Wana, anakataa mamlaka na kudharau mashairi, lakini anapasua vyura ajue mwili unavyofanya kazi, na anatibu wakulima. Anakufa baada ya kujikata kidole akipasua maiti ya mgonjwa wa taifasi. Hana chama wala njama.

Verkhovensky anataka kuwashika watu mkononi, basi. Dostoevsky, katika riwaya yake Mashetani, alimchota kwa mwanamapinduzi Sergei Nechaev, ambaye Novemba 1869 yeye na wenzake walimuua mwanafunzi Ivanov huko Moscow na kumtupa bwawani. Riwayani kundi la Verkhovensky linamuua Shatov, aliyekuwa mwenzao, muda mfupi baada ya mkewe kujifungua, na sehemu hiyo inaniuma kila nikiisoma: Shatov amempelekea Lyamshin bastola yake apate pesa za uzazi, na Lyamshin huyohuyo yumo katika kundi hilo linalomvizia gizani.

Anza na Turgenev, ni fupi, halafu ndipo uingie kwa Dostoevsky.