Magugu ya nyuma ya ploti na simu yako

Dada, umeuliza kwa nini picha za magugu ya nyuma ya ploti yenu Kasarani hutoka na ukungu, na wadudu huruka kabla hujabonyeza. Simu haina kosa. Unaenda saa sita, jua la utosi, wadudu wamechangamka. Nenda saa kumi na mbili na nusu asubuhi, baridi ikiwa bado imewashika. Usisogee karibu mno, lenzi haitaona vizuri. Rudi nyuma kidogo, gusa skrini juu ya mdudu, ushikilie, kisha utaikata picha baadaye.

Usizunguke. Chuchumaa kwenye kishona nguo kimoja tu, lile gugu ambalo mbegu zake hunata nguoni. Geuza jani taratibu: mara nyingi utakuta vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza utomvu, wamejipanga kwenye shina, na sisimizi wakiwachunga ili wanywe utamu wao. Mimi hiyo naipenda kuliko kipepeo, ambaye kila mtu ana picha yake.

Ila mvua zikinyesha, angalia yule mdudu mwembamba wa rangi ya chungwa na nyeusi, Nairobi fly. Haumi, lakini ukimponda sumu yake inababua ngozi. Mpulize tu, kisha nawa kwa sabuni.