Kuua mashine pepe si kukatika kwa stima

SWALI: Shikamoo mwalimu. Naandika programu ya kuhifadhi rekodi za mauzo. Seva ya mteja iko Mombasa na ina vijiti vya Optane vya kumbukumbu ya kudumu, yaani inayotunza data hata bila stima. Stima ikikatika, rekodi za mwisho hurudi zikiwa sufuri tupu, block nzima nzima. Hapa Malindi nina laptopu na QEMU tu, programu ya kuendesha mashine pepe. Nimeua mashine kwa kill -9 zaidi ya mara 200, data haipotei. Mwenzangu akaniambia niweke share=off badala ya share=on kwenye amri ya kuwashia QEMU, na kweli sasa inapotea. Je, hitilafu nimeipata?

JIBU: Marahaba. Hukuipata, na mwenzako amekupa dawa ya kuuzwa stendi. Kwa share=off, anachoandika mgeni (mfumo ulio ndani ya mashine pepe) hakifiki kabisa kwenye faili la mwenyeji (laptopu yako). Mashine ikifa, kila kitu kinakwenda nayo, hata rekodi iliyohifadhiwa kwa usahihi wote. Andika programu fupi isiyo na kosa lolote, uipitishe humo: nayo itapoteza data. Kipimo kinachomtia hatiani asiye na kosa hakipimi kitu.

Sasa zile mara 200. Hili ndilo kosa ninaloletewa kila wiki, na linaniudhi kwa sababu watu huliita ushahidi. Kwa share=on, kumbukumbu ya kudumu ya mgeni ni faili lililofunguliwa ndani ya kumbukumbu ya mwenyeji. QEMU ikifa, kurasa hizo zinabaki mikononi mwa kerneli ya mwenyeji (kiini cha mfumo wake), nayo itaziandika diskini kwa wakati wake. Kache ya prosesa haikuzimika hata sekunde moja. Kwa hiyo hata andiko ambalo programu ilisahau kulisukuma kutoka kache hadi kwenye kijiti kwa CLWB na SFENCE, amri za prosesa za kazi hiyo, utalikuta salama ukiwasha tena. Ni kama kukagua kalafati ya jahazi likiwa limepandishwa ufukoni Matondoni: halitavuja, hata uligeuze vipi. Na usidhani kuchomoa betri ya laptopu ndiyo suluhisho. Hapo utapoteza kurasa za baiti 4096 ambazo kerneli ya mwenyeji haijaziandika, ilhali kwenye kijiti halisi kinachopotea ni mistari ya kache ya baiti 64. Ni ajali mbili tofauti.

Lakini umeandika neno moja la thamani: sufuri, block nzima nzima. Usukumaji uliosahauliwa kwa kawaida huacha rekodi iliyochanika, nusu mpya nusu ya zamani. Block nzima ya sufuri inanifanya nishuku mfumo wa faili: data ilifika kwenye kijiti, ila jarida la ext4 (daftari la mabadiliko la mfumo huo wa faili wa Linux) lilikuwa halijaandikwa kwamba block ile ni ya faili lako. Hitilafu hii mashine pepe huitoa vizuri sana, kwa kuwa habari za jarida zilizo kwenye RAM ya kawaida ya mgeni hufa pamoja na QEMU.

Tengeneza faili kwa truncate -s 4G /var/tmp/pm.img, kisha washa QEMU kwa -machine pc,nvdimm=on,accel=kvm -m 4G,slots=2,maxmem=16G -object memory-backend-file,id=m1,share=on,mem-path=/var/tmp/pm.img,size=4G -device nvdimm,memdev=m1, pamoja na diski yako ya kawaida. Usitumie virtio-pmem, aina nyingine ya kumbukumbu ya kudumu ya mashine pepe, kwa jaribio hili, maana haikubali MAP_SYNC, alama inayoitaka kerneli iandike jarida kabla programu haijaandika rekodi. Ndani ya mgeni: ndctl create-namespace -f -e namespace0.0 -m fsdax, halafu mkfs.ext4 -b 4096 /dev/pmem0, halafu mount -o dax,commit=60 /dev/pmem0 /mnt. Hiyo dax inaipa programu kijiti moja kwa moja bila kupitia kache ya RAM. Nayo commit=60 inarefusha dirisha la ajali, kwa kuwa kawaida ext4 hufunga jarida kila sekunde 5; huenda zile mara 200 uliua jarida likiwa limeshafungwa.

Programu ya jaribio ifungue faili jipya, iite ftruncate hadi MiB 64, kisha fsync. Ifanye mmap (kulifungua faili ndani ya kumbukumbu) kwa MAP_SHARED, iandike rekodi, isukume kwa CLWB na SFENCE, ichapishe neno "tayari". Ukiona neno hilo, ua QEMU papo hapo. Ukiwasha tena utakuta sufuri, ingawa usukumaji ulikuwa kamili. Rudia kwa MAP_SHARED_VALIDATE pamoja na MAP_SYNC: rekodi itakuwepo. Uangalifu hapa! Ukiweka MAP_SYNC pamoja na MAP_SHARED ya kawaida, kerneli huipuuza kimya kimya, nawe utaondoka ukiamini umetibu. Kwa VALIDATE, kama faili haliko kwenye DAX utapewa kosa la EOPNOTSUPP. MAP_SYNC inahitaji Linux 4.15 au zaidi.

Kutenga nafasi mapema kwa fallocate hakutoshi. Block hizo zimewekewa alama ya "hazijaandikwa", na kuiondoa alama hiyo kunapita kwenye jarida vilevile.

Usukumaji uliosahauliwa una njia yake: pmemcheck, ile ya Valgrind (chombo cha kukagua programu) iliyoongezewa uwezo wa kufuatilia kila andiko hadi lisukumwe. Hiyo haingoji ajali itokee. Kimbilieni huko, nyinyi nyote mnaoniandikia kwamba "kwenye VM iko sawa" siku moja kabla ya kumkabidhi mteja kazi. Na wale wanaosambaza PMEM_IS_PMEM_FORCE=1 kama tiba ya kasi, waacheni. Kigezo hicho kinailazimisha libpmem, maktaba ya kutumia kumbukumbu ya kudumu, iamini kwamba faili lolote ni kumbukumbu ya kudumu, hivyo haiiti tena msync, amri ya kuandika diskini. Kwenye laptopu ya majaribio kina kazi yake. Kikisahaulika kwenye seva yenye diski ya kawaida, programu itasema "imehifadhiwa" wakati rekodi ingali kwenye RAM, na mwenye duka ataligundua hilo stima ikirudi. Kabla hujapeleka toleo jipya Mombasa, pekua hati za kuwashia programu kwa grep uone kama jina hilo halimo.