Kwa Nini Solo Nilimwachia Binamu Yako

Rahaleo, Lindi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata kwa mkono wa shangazi yako, nasi huku tu wazima. Umeniuliza jambo ambalo wenzako waliokuwapo harusini walilinong'ona tu: kwa nini mtu aliyepiga solo tangu mwaka 1974 alisimama pembeni akishika rithimu, akamwachia binamu yako nafasi yote ya mbele, na je, ni mkono uliokataa au ni mimi niliyekata tamaa? Nitakujibu bila kuficha, kwa sababu wewe mwenyewe unapiga gitaa na umekwisha kutimiza miaka 40.

Mkono haukukataa wote. Misuli ya mwanadamu huanza kupungua kidogo kidogo baada ya miaka 30, na upungufu huo huongezeka kasi baada ya 60. Zinazopotea zaidi ni zile nyuzinyuzi za misuli zinazofanya kazi ya haraka, ilhali zile za ustahimilivu hudumu zaidi. Ndiyo maana rithimu naweza kuicharaza mpaka maharusi wakaondoka, lakini sebene ikichanganya, kidole changu kidogo hufika kwenye uzi wakati wimbo umekwisha kupita. Akili inajua pa kwenda, na hilo ndilo linaloudhi.

Kuna pia kiungo cha chini ya dole gumba, pale linapoungana na kifundo cha mkono. Gegedu linaloifunika mifupa hapo huliwa taratibu kwa miaka mingi, na mpiga gitaa hulichosha zaidi kila anapolaza kidole cha shahada juu ya nyuzi zote sita na kubana shingo ya gitaa kwa dole gumba upande wa nyuma. Asubuhi mkono wangu huamka mkavu kama kamba ya mnazi, kisha hulegea kabla chai haijapoa. Daktari aliniambia kwamba ugumu unaokwisha ndani ya nusu saa ndio kawaida ya kuchakaa kwa viungo. Ukizidi saa nzima, tena viungo vikiwa vimevimba na kupata joto, huo huenda ukawa ugonjwa mwingine usiopaswa kungojewa. Mpiga besi wetu alingoja. Vidole vyake vilikuwa vikijikunja na kukwama, akavisingizia uzee, kumbe ilikuwa kisukari, ambacho hukaza kano za mkono na kubana njia zinamopita.

Ujanani nilidhani adui wa mpiga gitaa ni ngozi. Mchana tulibangua korosho kwa mkono, na mafuta ya ganda lake yalituunguza ncha za vidole, hata usiku jukwaani nyuzi zilikuwa kama waya wa moto. Lakini ngozi ile ilipona kila mara na sugu zikarudi. Gegedu halirudi namna hiyo.

Usidhani, hata hivyo, kwamba umri peke yake ndio unaoamua. Mwaka 1996 watafiti wawili, Krampe na Ericsson, walichapisha matokeo ya kuwapima wapiga piano vijana na wazee, mabingwa na wa kujifurahisha. Katika mambo ya kawaida ya wepesi, wazee wote walikuwa wazito kuliko vijana. Lakini katika kazi ya vidole inayohusu piano, wazee mabingwa walioendelea kufanya mazoezi ya makusudi walikuwa wamehifadhi sehemu kubwa ya uwezo wao. Naliamini hilo kwa sababu nimeliona kinyumenyume: mwaka ule nilipoliacha gitaa ukutani miezi mitano kwa ajili ya msimu wa korosho, nilipoteza kitu ambacho sijakipata mpaka leo. Ulipokuwa mdogo, miezi mitano ya kuacha niliilipa kwa wiki mbili.

Aliyenifundisha namna ya kupatana na hali hii ni mzee ambaye sikupata kumwona, Arthur Rubinstein, mpiga piano aliyeacha majukwaa mwaka 1976 akiwa na miaka 89, tena kwa sababu ya macho. Husimuliwa kwamba uzeeni alipunguza idadi ya vipande alivyopiga, akavifanyia mazoezi zaidi hivyo vichache, na kabla ya sehemu ya haraka alipunguza mwendo kusudi, ili ile ya haraka isikike ya haraka kuliko ilivyo. Huo ni ujanja, wala hauna aibu. Nami nimeshusha tuni ya gitaa kwa nusu sauti ili nyuzi zilegee, nikaziteremsha zikaribie ubao, na siku hizi naanza kwa kuloweka mikono katika maji ya vuguvugu. Wapiga ngoma wao wana nafuu ya namna nyingine, kwa kuwa nguvu yao hutoka begani na mgongoni: Bi Kidude, aliyefariki Aprili 2013, alipiga ngoma ya unyago akiwa bibi kikongwe ambaye umri wake halisi hakuna aliyeujua kwa hakika.

Haya yote, mwanangu, ningeyastahimili na solo ningeipiga, polepole na kwa maringo. Kilichonitoa mbele ni sikio. Ndani ya sikio mna vinyweleo vidogo mno vinavyopokea mtikisiko wa sauti na kuupeleka kwenye mshipa wa fahamu, na vikifa havioti tena. Vinavyopokea sauti nyembamba ndivyo vinavyotangulia, kwa uzee na kwa kelele, na mimi nilivipa vyote viwili. Mpaka wa usalama unaotajwa makazini ni desibeli 85 kwa saa 8. Ukumbi wa dansi huvuka 100 bila shida, nasi tulipiga mpaka alfajiri, kichwa changu kikiwa hatua moja kutoka kwenye visahani vya drams, na aliyeziba masikio kwa pamba tulimcheka. Sasa nasikia mlio kama wa nyenje hata nyumba ikiwa kimya. Pale harusini ulidhani namfokea kijana wa mitambo. Kwa kweli nilikuwa namwomba aniongezee sauti nyembamba, naye akanijibu kwa adabu kwamba zimekwisha kupita kiasi na wageni wanashika masikio. Mpiga solo asiyesikia uzi wake wa kwanza hawezi kujua kama umetoka kwenye tuni. Rithimu hukaa katikati, mahali ambapo bado nasikia.

Kwa hiyo mkono wako usiuhofie sana, bali nunua vizibo vya masikio wiki hii, uvivae hata kwenye mazoezi, na wakikucheka waache wacheke. Utakapokuja, niletee kutoka Kariakoo seti mbili za nyuzi namba 9, maana hizi namba 11 zimekuwa nzito kwangu. Tutapiga barazani jioni, wewe solo na mimi rithimu. Ila ukae upande wangu wa kushoto, kwa kuwa wa kulia ndio uliokuwa wa drams.

Ni mimi baba yako,
akupendaye.