Maswali ya Wasomaji: Ekseli ya Nyuma Iliyo Imara kwa Gari la Barabarani

SWALI: Ninamiliki Ford Mustang ya mwaka 1989 yenye injini ya V8 ya lita 5.0, ambayo nimeifungia supachaja (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), na sasa torki yake, yaani nguvu ya kusokota, inafikia takriban Nm 540. Giaboksi ya mkono nimekwisha kuibadilisha kwa nyingine iliyo imara, yenye uwiano wa 2.87 katika gia ya kwanza, na difu ina uwiano wa 3.73. Mwezi uliopita nilifunga matairi yanayoshika barabara vizuri zaidi, na siku ileile nilipoondoka kwa kasi ekseli ilirukaruka, kisha shafti ya upande wa kulia ikakatika kwenye splaini, yale meno ya mwisho wa shafti. Wenzangu wanasema nisipoteze muda na difu hii, ninunue ekseli ya Ford ya inchi 9. Je, ni lazima? Gari hili ni la matumizi ya kila siku, na mara chache tu ninashiriki mbio za mstari mnyoofu.

JIBU: Ndugu msomaji, si lazima, na kwa matumizi uliyoyaeleza mimi nisingekushauri uanzie huko. Barua yako yenyewe inataja mambo mawili yaliyoikata shafti, nayo ni matairi mapya na kule kurukaruka kwa ekseli. Supachaja ulikuwa nayo kabla ya siku hiyo, na shafti ilikuwa nzima.

Tufanye hesabu kidogo. Katika gia ya kwanza, Nm 540 zikizidishwa kwa 2.87 na kisha kwa 3.73 zinakuwa karibu Nm 5,780 kwenye ekseli. Hicho ndicho ambacho injini ingeweza kukipeleka, lakini ekseli haiwezi kubeba kwa utulivu zaidi ya kile ambacho matairi yanaweza kukikabidhi kwa barabara, kwa kuwa yakishindwa kushika yatateleza na mzigo utashuka. Tuseme gari lako pamoja na dereva lina kilo 1,450, na wakati wa kuondoka asilimia 60 ya uzito huo inaegemea nyuma. Hizo ni kilo 870, au nyutoni zipatazo 8,535. Kwa tairi lenye nusu kipenyo cha mita 0.33 na mshiko wa kiwango cha 1.0 (yaani tairi linasukuma kwa nguvu sawa na uzito unaoliegemea), ekseli nzima inabeba takriban Nm 2,800 tu, yaani chini ya nusu ya uwezo wa injini. Mshiko ukiongezeka kwa nusu, mzigo unapanda hadi Nm 4,200 bila injini kuongezewa chochote. Ndiyo maana anayeniuliza kuhusu ekseli huwa namwomba anieleze kwanza matairi yake, uzito wa gari na jinsi anavyoondoka. Nguvu farasi tunaweza kuzijadili baadaye.

Hesabu hiyo ni ya mzigo uliotulia. Ekseli inaporukaruka, tairi huachia barabara kwa kitambo kifupi, gurudumu likazunguka kwa kasi, kisha likashika tena kwa ghafla, na hali hiyo hujirudia mara nyingi ndani ya sekunde moja. Kila linaposhika, uzito wa vitu vyote vinavyozunguka, kuanzia gurudumu la injini hadi propela shafti, humiminika kwenye shafti kama pigo la nyundo. Anayeachia klachi ghafla hutengeneza pigo la namna hiyohiyo, ilhali giaboksi ya otomatiki hulipunguza kwa sababu nguvu hupita kwanza katika mafuta ya kigeuza torki. Kwa hiyo, kabla ya kununua chuma chochote, kagua mikono minne inayoishika ekseli ya gari lako. Busha za mpira za miaka hiyo huwa zimekwisha kulegea, na mikono ya asili ya bati lililokunjwa hujipinda. Ukiweka mikono ya chini iliyo migumu, ukabadilisha busha zilizochoka na kuhakikisha kwamba zile shokapu mbili za mlalo zinazotuliza ekseli bado zinafanya kazi, utakuwa umeondoa chanzo kikubwa cha kuvunjika. Kuweka ekseli ya inchi 9 juu ya busha zilizolegea ni kuhamishia pigo lilelile kwenye giaboksi.

Sasa tuje kwenye ekseli yenyewe. Uliyonayo ni ya Ford ya inchi 8.8, jina linalotokana na kipenyo cha krauni yake, ile gia kubwa ya duara iliyomo ndani ya difu. Tofauti kati ya krauni hiyo na ile ya inchi 9 ni milimita 5 hivi, na wengi hushangaa wanapolisikia hilo. Udhaifu wa ekseli yako uko kwingine. Kwanza, shafti zake zina splaini 28. Uwezo wa shafti kustahimili msokoto hufuata kipenyo chake kikizidishwa chenyewe mara tatu. Kwa hiyo, kwa chuma cha aina ileile na meno ya ukubwa uleule, shafti ya splaini 31 ina nguvu zaidi ya ile ya 28 kwa zaidi ya theluthi moja, na ya splaini 35 inakaribia mara mbili. Pili, mabomba ya pembeni yameshindiliwa ndani ya kitovu cha chuma cha kumimina na kushikiliwa kwa vidonge vichache vya weldi, na kwa torki kubwa yanaweza kuzunguka mahali pake. Tatu, kila shafti inazuiwa isitoke nje na klipu ndogo yenye umbo la herufi C iliyomo ndani ya difu, na hivyo shafti ikikatika ndani, hakuna kinacholizuia gurudumu kuondoka pamoja na kipande kilichobaki. Ulipata bahati kubwa, ndugu yangu, na ninaomba jambo hilo ulichukulie kwa uzito wake.

Ushauri wangu ni kubaki na 8.8 na kuiimarisha kwa shafti za splaini 31 zilizotengenezwa kwa chuma bora, difu ya kujifunga (inayozuia gurudumu moja lisizunguke bure peke yake) inayolingana na shafti hizo, na mabomba yaliyochomelewa kwenye kitovu na fundi anayejua kuchomelea chuma cha kumimina, kwa maana chuma hicho kisipopashwa moto vizuri na kupozwa polepole hupasuka. Shafti nyingi za kuimarisha huja na bolti 5 ilhali gari lako lina bolti 4, kwa hiyo weka rimu na vitovu vya mbele ndani ya bajeti tangu mwanzo. Wapo wanaochukua ekseli ya Ford Explorer, ambayo pia ni 8.8, ina splaini 31, na tangu mwaka 1995 ilikuja na breki za diski. Ni chuma kizuri, lakini iliundwa kwa ajili ya springi za majani, pinioni yake, ile gia ndogo inayoizungusha krauni, haikukaa katikati, na ni lazima uchomelee vishikio vyote upya. Kwa gari lako lenye mikono minne, kazi hiyo mara nyingi huishia kuwa ghali kuliko kuiimarisha ekseli iliyopo.

Ekseli ya inchi 9 ina sifa zake za kweli, na siwadharau wenzako. Ford waliitumia tangu magari ya mwaka 1957 hadi katikati ya miaka ya 1980. Pinioni yake ina beringi ya tatu inayoishika ncha yake ya ndani isisukumwe na krauni, haitumii klipu za herufi C, na kitovu chote cha gia huchomolewa kwa mbele, hivyo mshindani anaweza kubadilisha uwiano kati ya mbio moja na nyingine. Gharama yake ni kwamba pinioni imekaa chini sana ya mstari wa kati wa krauni. Meno husuguana zaidi, na sehemu ya nguvu ya injini hupotea kama joto. Pia ni nzito zaidi. Ningeichagua iwapo ungekuwa na matairi laini ya mashindano, klachi kali na desturi ya kuondoka kwa kishindo kila wiki. Aliye na gari zito zaidi na torki kubwa zaidi ya hapo huangalia ekseli ya Dana 60 yenye krauni ya inchi 9.75, ambayo kwa Mustang ya barabarani ni mzigo wa bure.

SWALI: Fundi amenifungia krauni na pinioni mpya za 4.10 badala ya 2.73. Sasa difu inalia kila ninapoachia mafuta. Je, sauti itaisha yenyewe baada ya muda?

JIBU: Haitaisha, na usisubiri. Gia zinazolia wakati wa kuachia mafuta pekee mara nyingi zinaonyesha kwamba kina cha pinioni au nafasi ya kucheza kati ya meno haikupimwa sawasawa. Mrudie fundi, umwombe apake rangi ya kukagulia kwenye meno na akuonyeshe alama ya mgusano, ambayo inapaswa kukaa katikati ya jino. Kadiri unavyoendelea kuendesha, meno yanazoeana katika mkao ule mbaya, na baadaye hata vipimo sahihi vinaweza visiondoe sauti. Ukumbuke pia kwamba kwa tairi la kipenyo cha mita 0.66, gia ya moja kwa moja (yenye uwiano wa 1.00) na mwendo wa kilomita 100 kwa saa, injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,200 kwa dakika sasa itazunguka mara 3,300. Bila gia ya juu ya kupunguza mizunguko, safari ndefu zitakuchosha.

SWALI: Je, naweza kuchomelea difu ili magurudumu yote mawili yavute daima?

JIBU: Kwa gari linalopita barabarani, hapana. Kwenye kona gurudumu la nje husafiri umbali mrefu kuliko la ndani, na difu iliyochomelewa hulazimisha tairi moja kuburuzwa na shafti kusokotwa katika kila kona, hata unapoegesha. Chagua difu ya kujifunga yenye sahani za msuguano, au ya aina ya Torsen inayogawa torki kwa gia peke yake. Ya sahani inahitaji kiongezo maalumu katika mafuta, nacho kikisahaulika utasikia mtetemo na mikwaruzo unapokata kona polepole. Ya Torsen haikihitaji, ila gurudumu moja likinyanyuka kabisa kutoka barabarani, lile la pili halipati nguvu ya kutosha.